Gari linapojifunga, lilie vipi?



Hivi karibuni nilikwenda Baltimore, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, kumtembelea mpwa wangu. Yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa anajipatia riziki kwa kubeba abiria katika gari lake mwenyewe, gari la umeme aina ya Tesla. Nilikwenda kumjulia hali tu, sikuwa na haja nyingine. Lakini sehemu kubwa ya siku nilizokaa kwake ilipita katika mashauriano juu ya jambo moja, ambalo wazee wetu wangelisikia wangelicheka: gari lile lilie vipi linapofungwa milango.

Nianze na kufunga kwenyewe. Sisi tuliojifunza kuendesha zamani tulifunga gari kwa ufunguo wa chuma. Mkono uliuzungusha, kidole kikahisi komeo likiingia mahali pake, na sikio likasikia kishindo kidogo, shaka ikaondoka. Kisha ukaja ufunguo wa kubonyeza kwa mbali, ambao Renault Fuego ya mwaka 1982 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuutumia. Mkono uliondoka mlangoni, ila kidole kilibakiwa na kazi. Katika gari la mpwa wangu hata kazi hiyo imeondolewa. Ufunguo wake ni simu iliyomo mfukoni. Gari huitambua simu hiyo kwa Bluetooth, na mwenyewe akishashuka na kwenda zake, gari huhisi kwamba simu imekuwa mbali, likajifunga lenyewe. Mtu amekwisha kulipa gari kisogo, mikono imejaa vifurushi, pengine mvua inanyesha. Atajuaje kama limejifunga kweli?

Jibu la watengenezaji lilikuwa honi. Mwenye gari akitaka, huchagua katika skrini kwamba gari litoe mlio mmoja mfupi wa honi kila linapojifunga. "Pii!" basi, mtu huendelea na safari yake. Mpwa wangu hawezi kuishi bila mlio huo. Aliniambia kwamba zamani, kabla ya kuuwasha, alikuwa akifika mlangoni kwake, anarudi kuligusa gari, anakwenda tena, anarudi tena. Usiku mmoja hakurudi, na asubuhi akakuta jaketi lake na chenji zote alizokuwa nazo garini zimechukuliwa.

Lakini honi haikuumbwa kwa kazi hiyo. Honi ni ya kumshtua mtu anayekaribia kugongwa. Katika mtaa anaokaa mpwa wangu nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, kama zilivyo nyumba nyingi za Baltimore, na kila mlango una vidato vinavyoshukia moja kwa moja kando ya barabara. Vidato hivyo, hasa vile vya marumaru nyeupe, ni moja ya mambo yanayoutambulisha mji huo. Gari huegeshwa hatua chache kutoka penye vidato, na madirisha ya vyumba vya kulala yako juu yake. Mtu anayerudi kazini saa nane za usiku akapiga honi, hata kwa nukta moja, amewatangazia majirani wote kwamba yeye amefunga gari na wao wamekwisha kuamka.

Basi mnamo Desemba mwaka 2023, katika masasisho ya programu ambayo kampuni hiyo huyatoa kwa ajili ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wenye magari wakapewa ruhusa ya kuiondoa honi katika kazi ya kufunga na kuweka mlio mwingine. Imo milio iliyotayarishwa na kampuni yenyewe. Yuko bata. Yuko na mbuzi anayepiga ukelele. Mbuzi huyo nilisikizishwa usiku wa kwanza niliofika, bila ya kuonywa, nami nikasimama pale pale na begi langu mkononi nikidhani kuna mnyama aliyekwisha kukiona kisu. Mpwa wangu alicheka hata akaegemea ukuta. Mimi nilimwambia kwamba utani wa mbuzi ni mzuri mara moja tu, na yeye hufunga gari mara thelathini kwa siku.

Milio hiyo huwekwa katika magari yenye spika ya nje tu, na hapa sina budi kueleza kwa nini gari likapewa spika ya nje, kwani yaliyotukuta baadaye yanatokana na jambo hilo.

Gari la umeme likienda polepole halina ngurumo. Kwa aliye ndani hiyo ni raha. Kwa mtu asiyeona, ambaye huvuka barabara kwa kusikiliza, ni hatari iliyonyamaza. Chama cha National Federation of the Blind, kilichoanzishwa mwaka 1940 na ambacho makao yake makuu yako huko huko Baltimore, kilikuwa mstari wa mbele kulipigia kelele jambo hili. Mnamo Januari mwaka 2011 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kuyataka magari ya aina hiyo yatoe sauti ya kuwatahadharisha waendao kwa miguu. Kanuni zenyewe zilikamilishwa mwaka 2016: sauti isikike gari liendapo kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Likizidi hapo, magurudumu na upepo hutosha kulitangaza. Umoja wa Ulaya nao ulifanya hivyo kwa aina mpya za magari kuanzia Julai mwaka 2019, na kwa magari yote mapya kuanzia Julai mwaka 2021.

Kwa hiyo spika iliyo nyuma ya bampa la mbele iliwekwa kwanza kwa ajili ya maskio ya watu walio nje. Michezo ilifuata. Mwishoni mwa mwaka 2020 Tesla iliwaruhusu wenye magari kupiga muziki na vichekesho kupitia spika hiyo hiyo, hata gari likiwa mwendoni. Haikuchukua muda. Mnamo Februari mwaka 2022 idara ya Marekani inayosimamia usalama wa barabarani ilitangaza kwamba magari 578,607 yatapaswa kurekebishwa, kwa sababu vichekesho hivyo vingeweza kuifunika sauti ya tahadhari. Marekebisho yalitumwa kwa njia ya mtandao, na tangu hapo burudani hizo ni za gari lililosimama. Mwaka huo huo, mwezi Julai, idara hiyo ililiacha pendekezo lake la mwaka 2019 la kuwaruhusu madereva kujichagulia sauti ya tahadhari. Maoni mengi yaliyoifikia, yakiwemo ya vyama vya wasioona, hayakulipenda pendekezo hilo.

Mlio wa kufungia haumo katika makatazo hayo, kwa kuwa gari limekwisha kusimama. Mwenye gari ana hiari. Hiari hiyo ndiyo iliyotuweka macho, mimi na mpwa wangu.

Anayetaka mlio wake mwenyewe hutengeneza faili la sauti la aina ya WAV, alipe jina la LockChime, na kuliweka katika flashi ya USB, nje ya folda zote. Faili lisifike megabaiti moja. Kwa kuwa sauti ya WAV kwa kawaida haibanwi, nafasi hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: kwa ubora wa diski ya muziki ni kama sekunde tano na nusu za stirio, au kumi na moja za mkondo mmoja. Flashi iwe imeandaliwa kwa mfumo kama FAT32 au exFAT. Ule wa NTFS gari haliutambui. Kisha huchomekwa garini, na mlio huchaguliwa katika skrini kwenye sehemu ya michezo. Kazi yote haizidi nusu saa. Kujua unataka nini ndiko kunakokula siku.

Mpwa wangu alitaka ngoma. Alikuwa nayo rekodi nzuri ya msondo, iliyochukuliwa arusini kwao, na ndani ya nyumba ilivuma hata vikombe vikatikisika kabatini. Tulipoiweka garini ikatoka kama mtu anayegonga sanduku la mbao. Spika ile ni ndogo, na spika ndogo haina nguvu ya kusukuma hewa kwa sauti nene. Uzito wote wa ngoma uko chini, kwenye mitetemo isiyofika mia kwa sekunde, na huko chini spika hiyo haifiki. Kilichobaki ni kofi la mkono juu ya ngozi. Rafiki yake mmoja akapendekeza adhana. Hapo sikusubiri kuulizwa. Nilisema maneno hayo hayatolewi chini ya bampa, tena yakatwe katikati kwa sababu nafasi imekwisha.

Ndipo likaja wazo la tatu, nami nakiri kwamba nililipenda kuliko mwenyewe. Mama yake, ambaye ni dada yangu, humpigia simu kila usiku kutoka Mombasa, na swali lake la mwisho kabla ya kukata simu halijabadilika tangu kijana huyu akiwa na miaka kumi na mitano: "Mwanangu, umefunga?" Alikuwa akimuuliza hivyo kuhusu mlango wa uani. Sasa humuuliza kuhusu nyumba, gari, na nadhani kuhusu mambo mengine pia. Tukamwomba arekodi maneno hayo katika simu na kututumia. Alirekodi mara sita, kwa kuwa kila mara alianza kwa salamu ndefu na kuulizia chakula, na mara ya saba akasema yale mawili tu tuliyoyataka.

Usiku ule mpwa wangu alirudi kazini, akashuka, akaenda hatua kumi, na sauti ya dada yangu ikatoka gizani: "Mwanangu, umefunga?" Nilikuwa dirishani. Nilimwona kijana amesimama, mgongo kwangu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Usiku wa pili vivyo hivyo, na wa tatu.

Siku iliyofuata, alasiri, mtu alibisha mlangoni. Alikuwa mzee wa nyumba ya tatu, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtaa huo huo, mwenye fimbo nyeupe. Haoni kabisa. Ana desturi ya kukaa penye vidato vyake hadi karibu usiku wa manane wakati wa joto, kwani ndani hamkaliki. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja kuuliza, kwa adabu sana, ni nani bibi yule aliyehamia kwetu, na kama yeye, mzee, amemkosea kwa lolote.

Hatukumwelewa. Akaeleza. Kwa siku tatu usiku alimsikia mwanamke akisema naye kando ya barabara, karibu sana, kwa lugha asiyoijua. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu mzima. Akaitikia, "Habari za jioni, mama." Kimya. Usiku wa pili akaitikia tena, akaongeza kwamba joto ni kali. Kimya. Usiku wa tatu alisimama kabisa na kuvua kofia, akangoja. Akasikia hatua za mtu zikienda zake na mlango ukifungwa.

"Nilidhani," akasema, "labda ni mtu asiyependa kuzungumza na kipofu. Wapo."

Wapenzi wasikilizaji, katika maisha yangu nimewahi kuaibika, lakini mara nyingi palikuwa na mtu wa kumlaumu. Mpwa wangu hakusema neno. Alimshika mzee mkono, akamwongoza hadi kwenye gari, akaondoka hatua kumi. Dada yangu akauliza kama kawaida yake. Mzee akageuza uso kuelekea chini, usawa wa magoti, pale sauti ilipotokea, akakaa hivyo kidogo. Kisha akacheka, nasi tukapata kupumua. Akauliza maana ya maneno yale, tukamwambia, na ni yake mwenye gari. Akasema, "Basi mwambie mamako kwamba nimemwitikia mara tatu."

Tulimkaribisha chai na tukamuuliza yeye angependa gari lilie vipi. Alishangaa kuulizwa. Akasema honi ile ya zamani haikumpendeza, lakini aliielewa: ikilia upande wa kulia anajua kuna gari lililosimama pale, na mtu anaondoka kwa miguu, pengine atapita mbele yake. Hiyo kwake ni habari ya manufaa. Sauti ya binadamu humwambia habari nyingine kabisa, kwamba kuna mtu, na mtu huitikiwa. Sauti ya mbuzi, ambayo nayo aliwahi kuisikia wiki za nyuma, ilimfanya asimame katikati ya njia. Yeye hakutaka gari linyamaze. Alichoomba ni mawili: mlio usiwe wa kiumbe, na ukishachaguliwa usibadilishwe kila wiki. "Mimi nawajua majirani zangu wa mtaa mzima kwa vishindo vyao," alisema. "Mkivibadilisha mnanihamishia mtaa."

Nilipokuwa nikisikiliza nilikumbuka kwamba sisi wa pwani tuna ujuzi wa zamani katika jambo hili, tena usio na skrini. Utingo wa matatu hapigi kelele kumwambia dereva aondoke. Hugonga bodi, na dereva anaelewa. Muuza kahawa wa Mombasa, Lamu au Unguja hupita na mdila wake wa makaa, na mkono wa pili una vifinjani anavyovigonganisha: chaka-chaka, chaka-chaka. Aliye barazani huinua kichwa. Aliye ndani amelala hashtuki. Ni mlio mkali kidogo lakini si mkubwa, na haufanani na mtu, mnyama wala honi. Wenzetu walioko Muscat wanaujua vilevile, kwa kuwa kahawa na finjani ni vya pande zote mbili za bahari.

Nikamwambia mpwa wangu, "Jaribu vikombe."

Dada yangu akaingia kazini kwa mara nyingine. Alimtuma mjukuu barazani na simu, na muuza kahawa, baada ya kuelezwa kwamba vikombe vyake vinakwenda Marekani kufunga gari, alivigonga kwa bidii kuliko siku zote. Rekodi ilikuja na upepo, pikipiki iliyokuwa ikipita, na mtu akidai kashata. Tuliisafisha kwa programu ya bure ya Audacity. Tukakata hadi ikabaki migongano miwili tu, haifiki sekunde mbili, tukaipunguza nguvu ndani ya faili lenyewe kabla ya kulinakili. Spika iliyoishinda ngoma haikuwa na taabu na vifinjani, kwani sauti nyembamba ndizo inazozimudu.

Mzee alisimama penye vidato kama hakimu. Mara ya kwanza alikataa. Alisema ni kama sahani iliyoanguka jikoni kwa mtu, na mtu akisikia hivyo hukimbilia kutazama. Tukaziweka sawa kishindo na nafasi iliyo kati ya mgongano wa kwanza na wa pili, ili isidhaniwe ni ajali. Mara ya pili akatikisa kichwa, bado kubwa. Mara ya nne au ya tano, sikumbuki sawasawa, akasema, "Hiyo. Acheni hapo."

Sauti ya dada yangu mpwa wangu hakuifuta. Imo katika simu yake, na mama mwenyewe bado anapiga kila usiku na kuuliza lile lile.

Usiku wangu wa mwisho nilikuwa dirishani tena, mizigo imekwisha kufungwa. Ilikuwa kama saa sita kasoro. Gari likaja bila ya ngurumo, isipokuwa ule uvumi wake mwembamba wa tahadhari, likasimama. Mlango ukafungwa, hatua zikaanza. Chaka-chaka. Mahali fulani chini, nyumba ya tatu, mzee akasema, "Usiku mwema, kijana," na kijana akamwitikia.